Machungwa kati ya Arua, Koboko na mipakani: mzigo upi unabeba ugonjwa

ARUA, Uganda – Lori la machungwa kutoka Teso huvuka daraja la Pakwach, hupita Nebbi na kuingia Arua likiwa limejaa magunia hadi juu. Mwenye mzigo huwa na wazo moja tu: kuuza kabla matunda hayajalainika. Ni mara chache anafikiria majani mabichi yaliyotandikwa mdomoni mwa gunia kuzuia jua. Kwa watafiti wa magonjwa ya mimea, majani hayo machache ndiyo ya kuogopa kuliko shehena yote iliyobaki.

Utafiti uliofanywa Afrika Mashariki katika miaka ishirini iliyopita kuhusu magonjwa na wadudu wa michungwa umeleta majibu mengi. Mengi yamebaki katika majarida ya wataalamu, na machache yamewafikia wakulima. Wafanyabiashara na madereva, ambao ndio wanaohamisha matunda na miche kutoka wilaya moja hadi nyingine na kutoka nchi moja hadi nyingine, ndio waliofikiwa kidogo zaidi. Jibu linalowahusu moja kwa moja ni hili: ugonjwa mbaya kuliko yote wa michungwa hausambazwi na chungwa safi lisilo na jani wala kikonyo. Unasambazwa na miche, na vijiti vya kubebeshea, na majani mabichi yenye wadudu.

Arua, iliyotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, ni njia panda. Kutoka Ediofe, penye kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua, mtu akielekea kusini anafika Vurra na kuingia Kongo. Akielekea kaskazini anafika Koboko, kisha Oraba, na ng'ambo yake ni Kaya ya Sudan Kusini. Barabara ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, sasa ni ya lami, na soko la Ariwara upande wa Kongo halipo mbali. Tunda lililonunuliwa Soroti Jumatatu linaweza kuwa Ariwara au Yei kabla ya wiki kwisha. Mdudu aliyejishika kwenye jani atafika siku hiyo hiyo, na wala halipi nauli.

Ugonjwa wa kijani

Ugonjwa unaozungumzwa zaidi ni ule wa kijani wa michungwa, ambao duniani hujulikana kwa jina la Kichina, huanglongbing, yaani ugonjwa wa chipukizi la manjano. Husababishwa na bakteria anayeishi katika mishipa ya mti inayoshusha chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Mishipa ikiziba, mizizi inakufa njaa, majani yanageuka manjano kwa mabaka, matunda yanakuwa madogo na machungu, na mti unadhoofika mpaka kufa. Hakuna dawa ya kuuponya mti uliokwisha kuambukizwa.

Bakteria hana miguu. Hubebwa na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani machanga. Wako wa aina mbili. Wa Afrika, Trioza erytreae, hutambulika kwa vishimo anavyoacha kwenye jani: upande wa chini kuna kishimo, upande wa juu kuna kivimbe kama kipele. Wa Asia, Diaphorina citri, haachi vishimo, ila hukaa kwenye jani akiwa ameinua makalio juu kana kwamba amesimamia kichwa. Alama hiyo mtu anaweza kuiona kwa macho bila kioo cha kukuzia, akitulia.

Tofauti ya wadudu hawa wawili ndiyo inayofanya habari hii iwahusu watu wa Arua na Koboko. Yule wa Afrika hapendi joto. Mayai yake na watoto wake hukauka penye jua kali na hewa kavu, kwa hiyo kwa miaka mingi ugonjwa wa kijani barani Afrika ulikuwa tatizo la nyanda za juu zenye baridi, na mashamba ya mabondeni yalipona kwa kiasi kikubwa. Yule wa Asia anastahimili joto vizuri, na bakteria wa Asia anayemfuata vilevile. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukishuka Pakwach kwenye Nile unafika karibu nusu ya hapo. Kwa mdudu wa Afrika huko chini ni mateso. Kwa mdudu wa Asia ni nyumbani.

Je, wa Asia amefika? Katika Tanzania alionekana Morogoro, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2016. Mwaka huo huo alipatikana pwani ya Kenya. Bakteria wa Asia naye aliripotiwa Ethiopia mwaka 2010 na Kenya mwaka 2020. Kwa hiyo mdudu na bakteria wote wawili wapo katika nchi ambazo Uganda inafanya nazo biashara kila siku.

Kosa la mwaka 2015 na sahihisho lake

Kuhusu Uganda yenyewe kuna kisa ambacho wafanyabiashara wangepaswa kukijua, kwa sababu kinaonyesha jinsi kipimo cha maabara kinavyoweza kuiharibia nchi jina. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kwamba bakteria wa Asia amepatikana katika michungwa ya Uganda. Taarifa kama hiyo si jambo dogo. Nchi ikishaandikwa kuwa ina ugonjwa huo, nchi nyingine zina haki ya kukataa miche yake na kuiwekea matunda yake masharti.

Watafiti wengine, wakiwemo wa kituo cha icipe cha Nairobi na wenzao wa Afrika Kusini na Tanzania, walichukua sampuli Uganda, Kenya na Tanzania na kuzipima upya kwa undani zaidi. Matokeo yao yalitoka mwaka 2017. Waliyemkuta hakuwa wa Asia bali ni jamii ya bakteria wa Afrika, aitwaye clausenae kwa sababu alitambuliwa kwanza katika Clausena anisata, mti wa porini wa Kiafrika ulio ndugu wa mchungwa. Kipimo cha awali kilikuwa kimetengenezwa kumtambua wa Asia, lakini kiliitikia pia ndugu yake huyu.

Sahihisho hilo lilikuwa nafuu, si ruhusa ya kulala. Bakteria wa Afrika naye anadhoofisha miti. Na mti wa porini unapokuwa na kijidudu kile kile, mkulima anaweza kung'oa michungwa yake yote yenye ugonjwa na bado ukarudi kutoka kichakani.

Hasara inayoweza kutokea imeonekana Marekani. Jimbo la Florida lilivuna makasha milioni 242 ya machungwa katika msimu wa 2003-04, kila kasha kilo 41 hivi. Ugonjwa wa kijani wa Asia uligunduliwa huko mwaka 2005. Msimu wa 2023-24 mavuno yalikuwa makasha milioni 18 tu. Vimbunga vilichangia, na mashamba mengi yaliuzwa kujengwa nyumba, lakini ugonjwa ndio uliovunja mgongo. Hao ni wakulima wenye fedha, dawa na vyuo vikuu nyuma yao.

Chungwa la kijani si lazima liwe gonjwa

Hapa wanunuzi wengi hukosea. Katika nchi zenye joto chungwa huiva ndani huku ganda likibaki kijani, kwa sababu rangi ya manjano hutokea vizuri usiku unapokuwa na baridi. Mnunuzi wa Kampala au wa Juba anayekataa chungwa la bondeni kwa sababu ya rangi anakataa tunda zuri. Na mchuuzi anayeshusha bei kwa kusema "hili lina ugonjwa wa kijani" mara nyingi anafanya biashara tu.

Chungwa gonjwa hutambulika kwa umbo. Halikai sawa, upande mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Likikatwa kwa urefu, kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni, mstari wa katikati umepinda na mbegu nyingi ni nyembamba, nyeusi, zimekufa. Kitako hubaki kijani wakati upande wa kikonyo umeanza kugeuka, kinyume cha kawaida. Ukionja ni chungu na chumvichumvi. Anayenunua shamba zima mtini, kabla ya kuchuma, afanye hivyo kwa matunda kadhaa kutoka miti mbalimbali, halafu ndipo azungumze bei.

Kwenye jani kuna njia nyepesi ambayo maofisa ugani hufundisha. Chukua kalamu, chora duara upande mmoja wa uti wa jani, kisha chora jingine mahali pale pale upande wa pili. Kama manjano yamelingana pande zote mbili, mti huenda umekosa zinki au chuma katika udongo, jambo linalotibika kwa mbolea. Kama duara moja ni manjano na la pili ni kijani, mabaka yakiwa hayana mpangilio, hapo ni pa kutilia shaka. Uthibitisho kamili hutoka maabara.

Vinavyoharibu tunda lenyewe

Msafirishaji hupata hasara ya haraka zaidi kutokana na wadudu na kuvu wanaoingia katika tunda. Nzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na mwaka uliofuata alikuwa Uganda. Anapenda maembe kuliko yote, lakini machungwa pia anayatoboa. Jike hutaga mayai chini ya ganda, na funza hulainisha nyama ya ndani wakati nje pameonekana tundu dogo tu kama la sindano. Gunia lililopakiwa likiwa zuri Soroti linafika Koboko likichuruzika.

Kuna jambo ambalo wenye malori hawaambiwi. Funza aliyekomaa hutoka ndani ya tunda, huanguka chini na kujificha kwenye udongo ili ageuke nzi. Katika lori, "udongo" huo ni vumbi, makapi na matunda yaliyopondeka sakafuni. Utingo anapofagia kwenye shamba la mtu kando ya barabara, anapanda nzi. Taka hizo zifungwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani siku kadhaa, au zifukiwe kina cha nusu mita au zaidi. Mitego yenye kivutio cha methili eujeno ni mizuri, ila hunasa madume peke yake. Ndiyo maana icipe inahimiza mitego itumike pamoja na chambo cha protini, usafi wa shamba na nyigu wadogo wanaoua mayai na funza wa nzi huyo.

Yupo pia nondo, Thaumatotibia leucotreta, ambaye kiwavi wake hupenya tunda na kuacha kitundu chenye unga wa kinyesi. Tunda hugeuka manjano mapema kuliko wenzake. Umoja wa Ulaya uliweka masharti makali ya nondo huyo kwa machungwa mwaka 2022, na mwaka huo huo Afrika Kusini ikalipeleka suala hilo Shirika la Biashara Duniani. Mchuuzi wa Arua hauzi Rotterdam, lakini Uganda imeshaona pilipili zake zikizuiwa Ulaya kwa sababu ya nondo huyo huyo.

Madoa meusi kwenye ganda ni habari nyingine. Kuvu aitwaye Pseudocercospora angolensis, aliyetambuliwa kwanza Angola na Msumbiji mwaka 1952, yupo Uganda na Kenya. Jani hupata doa la duara lenye ukingo wa manjano, tunda changa huota vinundu vyeusi, na mengi huanguka. Yanayobaki yanaweza kuwa na juisi nzuri ila hakuna anayeyataka sokoni. Hupenda majira ya mvua yenye ubaridi. Husambazwa na upepo na mvua kwa umbali mfupi. Kwa umbali mrefu hubebwa na majani na miche. Dawa za shaba husaidia zikianza mapema, pamoja na kupogoa ili hewa ipite. Mkulima anayenyunyiza baada ya kuona madoa amechelewa, na mwenye miti hamsini huona pampu na dawa ni gharama kubwa kuliko faida. Huo ndio ukweli wa mashamba mengi ya kanda hii, na ushauri wa wataalamu mara nyingine husahau.

Ukungu wa kijani unaooza chungwa moja na kuambukiza la pili hauna uhusiano na ugonjwa wa kijani wa mti. Ni kuvu anayeingia palipochubuka. Tunda lililokatwa kwa mkasi, likaachiwa kikonyo kifupi kisichochoma wenzake na kupangwa kwenye kreti badala ya gunia, husafiri siku nyingi zaidi kuliko lililovutwa kwa mkono. Kreti ni ghali na hula nafasi ya lori. Kwa safari ndefu ya kwenda Yei au Juba hesabu yake hurudi. Kwa Arua hadi Koboko pengine hairudi.

Miche ndiyo hatari kubwa

Tangu mpango wa Operation Wealth Creation uanze mwaka 2013, miche ya michungwa na miembe imekuwa biashara kubwa Uganda, na vitalu vya kando ya barabara vimekuwa vingi. Mche uliobebeshwa kijiti kutoka mti mgonjwa unaweza kuonekana mzuri kabisa kwa miezi mingi. Hakuna mkulima, wakala wala ofisa wa forodha anayeweza kuutambua kwa jicho. Kinga ni moja: vijiti vichukuliwe kwenye miti mama iliyopimwa, na miche ikuzwe ndani ya nyumba ya wavu unaozuia wadudu. Kitalu kilicho wazi chini ya mwembe, kikiwa na michungwa ya zamani jirani, hakiwezi kudai kwamba kina miche safi, hata mwenyewe awe mwaminifu kiasi gani.

Mwenye pikipiki anayekubali kupeleka miche mia Ariwara kwa njia ya panya hajui kwamba amebeba mzigo wenye hatari kuliko magunia mia ya matunda. Matunda yakiharibika ni hasara ya mtu mmoja. Mche mgonjwa hupandwa, huota, hulisha wadudu na kuambukiza mashamba ya kijiji kizima kwa miaka.

Karatasi za mpakani

Nchini Uganda cheti cha afya ya mimea hutolewa na Wizara ya Kilimo, Wanyama na Uvuvi yenye makao yake Entebbe, kupitia idara ya ukaguzi na uthibitishaji wa mazao. Upande wa Kongo ukaguzi ni kazi ya SQAV, huduma ya karantini ya wanyama na mimea, mbali na OCC inayokagua bidhaa kwa ujumla. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, na wengi walidhani kwamba uanachama umefuta karatasi.

Haujafuta hii. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ule wa shehena isiyozidi dola 2,000, hupunguza kazi ya cheti cha asili na ushuru wa forodha kwa bidhaa za ndani ya Jumuiya. Hauondoi ukaguzi wa afya ya mimea. Mama anayevusha matenga matatu anaweza kutolipa ushuru na bado akaombwa cheti. Anayefika mpakani bila hicho anabaki na njia mbili, kurudi au kutoa kitu kidogo, na matunda yanaendelea kulainika juani wakati anajadiliana.

Matunda yasiyo na majani, yaliyochambuliwa na kuoshwa, hukaguliwa haraka kwa sababu mkaguzi hana pa kutia shaka. Kama gunia lazima lizibwe mdomo, nyasi kavu au kipande cha turubai kinatosha. Anayetaka kuvusha miche aanze na mkaguzi wa nchi inayopokea, kabla hajalipa kitalu, kwa kuwa kibali cha kuingiza hutangulia cheti cha kutoa.

Kwa mkulima au mnunuzi aliyeona mabaka ya kutia shaka, kituo kilicho karibu ni taasisi ya utafiti wa kilimo ya kanda, Abi, nje kidogo ya mji wa Arua, iliyo chini ya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Tawi lisikatwe na kupandishwa kwenye basi ili likaonyeshwe, kwani wadudu watashuka njiani. Picha ya jani pande zote mbili, na ya tunda lililokatwa, inatosha kwa hatua ya kwanza. Wataalamu wakitaka sampuli, majani yafungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki hapo hapo chini ya mti.